Lami ya kinga

Lami ya kinga ni utando mwembamba wa kimiminika cheusi unaopakwa juu ya lami iliyokwisha kujengwa, ili kuikinga dhidi ya jua, maji na mafuta ya magari. Hutumika hasa katika maegesho ya magari ya maduka, hoteli, hospitali na ofisi, ambako magari huenda polepole. Utando huo hauongezi nguvu ya lami. Hauzibi mashimo wala hauponyi ardhi iliyotitia. Kazi yake ni kuchelewesha uchakavu wa uso ambao bado ni mzima.

Tofauti na lami nyepesi

Nchini Tanzania watu hutofautisha lami nzito na lami nyepesi. Lami nzito ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na lami unaopikwa kiwandani, ukamwagwa ukiwa wa moto na kushindiliwa. Lami nyepesi hujengwa kwa kumwaga lami ya maji juu ya tabaka lililoshindiliwa, kisha kumwaga kokoto ndogo na kuzikandamiza kwa roli. Lami ya kinga si mojawapo ya hizo mbili. Haina kokoto, unene wake hauzidi milimita chache, na haiwezi kupakwa juu ya udongo au changarawe.

Kwa nini lami huzeeka

Katika lami nzito, lami yenyewe ni takriban asilimia 5 tu ya uzito, na sehemu kubwa iliyobaki ni mawe. Hata hivyo ndiyo gundi inayoyashika mawe hayo. Lami hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi. Ikikaa juani kwa miaka, oksijeni ya hewani huibadilisha: hugeuka kutoka nyeusi kuwa ya kijivu, hukauka, hupoteza uwezo wa kunyumbuka, na hatimaye hupasuka.

Maji ya mvua hupenya katika nyufa na kulainisha tabaka la changarawe lililo chini. Gari likipita, tabaka hilo hubonyea, lami iliyo juu huvunjika, na shimo huanza. Ndiyo maana ufa mwembamba ulioachwa kabla ya masika unaweza kuwa shimo baada ya mvua kwisha.

Maegesho yana adui mwingine. Gari lililosimama hudondosha dizeli au oili mahali pamoja kwa muda mrefu. Kwa kuwa vitu hivyo na lami vyote vina asili ya mafuta ghafi, huilainisha na kuiyeyusha, na mawe huanza kung'oka.

Aina

Aina inayotumika zaidi hutengenezwa kwa lami ya mafuta ghafi iliyochanganywa na maji. Matone madogo sana ya lami huelea ndani ya maji kwa msaada wa kemikali inayofanya kazi kama sabuni. Huongezwa udongo wa mfinyanzi na mchanga laini. Maji yakikauka, matone hushikana na kuwa utando mmoja.

Aina ya pili hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe. Hii hustahimili mafuta ya magari vizuri zaidi, lakini ina kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Utando ukichakaa, vumbi lake huingia majumbani na kusombwa na mvua hadi mitoni, ambako hudhuru viumbe wa majini. Mji wa Austin, Texas, nchini Marekani ulipiga marufuku aina hii mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011.

Hatua za kazi

1. Lami mpya huachwa kwanza kwa miezi kadhaa ili ikomae.
2. Uso hufagiwa na kuoshwa. Madoa ya oili husuguliwa kwa sabuni, kwa maana utando haushiki juu ya mafuta.
3. Nyufa huzibwa. Mashimo hukatwa pembe, huchimbwa hadi kwenye tabaka imara, kisha huwekwa viraka na kushindiliwa.
4. Lami ya kinga hukorogwa vizuri na kupakwa kwa brashi pana, mpira wa kusukumia au mashine ya kunyunyizia.
5. Tabaka la kwanza likikauka, hupakwa la pili. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, ambalo hukauka juu tu na baadaye kubanduka.
6. Magari huzuiwa kwa saa 24 au zaidi, kisha mistari ya maegesho huchorwa upya.

Kwa kawaida kazi hurudiwa kila baada ya miaka 2 hadi 4. Kupaka mara nyingi kupita kiasi hufanya matabaka yarundikane na kupasuka. Mchanga ukikosekana, uso huwa telezi wakati wa mvua.

Mkoa wa Kagera

Kagera hupata mvua katika misimu miwili, vuli na masika. Kwa kuwa utando mbichi husombwa na mvua, kipindi kinachofaa zaidi ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mitaro inapaswa kuzibuliwa kwanza, maana maji yanayotuama pembeni huingia chini ya lami hata kama uso wake umepakwa vizuri.

Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na za wilaya na mitaa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Uwanja wa maegesho wa biashara binafsi hutunzwa na mwenye mali.

Katika kata ya Kituntu, kama katika sehemu nyingine za vijijini za wilaya za Karagwe na Kyerwa, barabara nyingi ni za udongo na changarawe. Huko lami ya kinga haina kazi. Utunzaji wake ni kuchonga kwa greda, kumwaga na kushindilia moramu, na kuacha mgongo katikati ya barabara ili maji yateremke mitaroni.

Mipaka na njia mbadala

Kosa la kawaida ni kupaka juu ya lami iliyokwisha kuharibika. Uwanja huonekana mpya kwa muda mfupi, lakini ufa hurudi pale pale na fedha hupotea. Nyufa zinazofanana na magamba ya mamba ni dalili kwamba tabaka la chini limeshindwa. Dawa yake ni kufumua na kujenga upya. Mahali ambapo malori mazito husimama kwa muda mrefu, wajenzi wengi huchagua zege au vitofali vya zege, ambavyo haviyeyushwi na dizeli na, vikiharibika, huweza kung'olewa na kubadilishwa kimoja kimoja.