Mota za Ghalani Zilivyorudi Barabarani

Mwaka 1991 nilikuwa mwanagenzi wa kusuka mota hapa Gerezani, Dar es Salaam. Adhuhuri moja, mzee aliyenifundisha kazi akiwa ameenda kuswali, niliiunganisha mota ya foklifti na betri ikiwa juu ya meza, haina gia wala tairi. Nilitaka tu kusikia kama kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekaa sawasawa. Ikaunguruma, ikapandisha sauti, ikazidi kupandisha, na kabla mkono wangu haujafika kwenye waya, amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, ikapasuka. Nyaya za shaba zilitapakaa chumba kizima. Kipande cha komyuteta, ile pete ya shaba inayosuguliwa na kaboni, kilipenya ubao wa dari na hadi leo kimo humo humo. Mzee aliporudi alinikagua kwanza mikono na macho. Kisha akasema, "Mwanangu, mota hii usiiachie bila mzigo. Haijui kujizuia."

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye, mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu mashindano ya magari ya Marekani. Datsun 1200 nyeupe ya mwaka 1972, aina ile ile iliyojaa mitaani kwetu nilipokuwa mtoto, ilikuwa imepangwa sambamba na gari la michezo la petroli lenye injini kubwa. Taa ilipogeuka kijani, Datsun ilichomoka karibu kimya, mwenzake akabaki nyuma ananguruma. "Mjomba, hiyo ni ya umeme," mpwa wangu akasema, akaanza kunieleza mambo ya kompyuta. Nikamwambia atafute picha ya mota yenyewe. Alipoipata nilikaa chini. Ilikuwa mota ya kaboni, ya foklifti, jamaa kabisa ya ile iliyopasuka mikononi mwangu. Tena zilikuwa mbili, zimeunganishwa kichwa kwa kichwa kwenye shafti moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia ya mchezo huu. Naiandika kwa kuwa inasimuliwa kana kwamba gari la umeme liliangukia dunia kutoka kwa makampuni makubwa miaka michache iliyopita. Mimi nimeshika mota hizi miaka zaidi ya thelathini. Najua zilikotoka.

Rekodi ya kwanza ya kasi ya gari duniani ilikuwa ya umeme. Tarehe 18 Desemba 1898, kwenye barabara iliyonyooka ya Achères karibu na Paris, Gaston de Chasseloup-Laubat aliendesha gari la betri lililotengenezwa na Jeantaud, akamaliza kilomita moja kwa sekunde 57, yaani kilomita 63.15 kwa saa. Mbelgiji mmoja mwenye ndevu nyekundu, Camille Jenatzy, akasema ataipita rekodi hiyo. Tarehe 17 Januari 1899 aliipita, na siku ile ile Chasseloup-Laubat akaichukua tena. Siku kumi baadaye Jenatzy akafika 80. Machi mwenzake akafika 92. Wawili hao walinyang'anyana rekodi majira yote ya baridi, wote kwa umeme, na hakuna gari la petroli lililowakaribia. Mwisho Jenatzy akaunda gari lenye umbo la risasi ya bunduki, akaliita La Jamais Contente, yaani "asiyeridhika kamwe". Lilikuwa na mota mbili zilizozungusha magurudumu ya nyuma moja kwa moja, na tarehe 29 Aprili 1899 lilikwenda kilomita 105.88 kwa saa. Hakuna gari lililokuwa limefika 100 kabla ya hapo. Ukiitazama picha yake utaona dereva amechomoza nje tangu kiunoni, upepo wote unampiga kifuani. Waliyasanifu kwa makini maumbile ya chuma wakamsahau mtu, lakini lilikimbia.

Rekodi hiyo ilidumu hadi 1902, ilipovunjwa na gari la mvuke la Léon Serpollet. Baada ya hapo petroli ilitwaa barabara. Mafuta yalikuwa yamefumuka Texas mwaka 1901, na mwaka 1912 Cadillac walianza kuuza gari linalowashwa kwa stata ya umeme, dereva asihangaike tena na mtaimbo wa kuzungushia injini. Nasikitika kila ninapolifikiria jambo hili. Mota ndogo ya umeme, yenye kaboni na komyuteta kama kaka zake wakubwa, ndiyo iliyoondoa usumbufu wa petroli na kulifukuza gari la umeme barabarani.

Lakini umeme haukufa. Ulihamia ghalani. Mwaka 1906 reli ya Pennsylvania ilikuwa tayari inatumia vigari vya betri kubebea mizigo katika stesheni ya Altoona. Ndani ya ghala moshi wa petroli unaua watu na kuharibu chakula, na kwenye foklifti uzito wa betri ni faida: ndiyo jiwe la nyuma linalozuia chombo kisipinduke kinapoinua tani mbili mbele. Kasoro iliyolishinda gari la umeme njiani ikawa sifa yake ghalani. Kwa hiyo viwanda viliendelea kufuma mota hizi, nzito, za shaba nyingi, zilizotengenezwa zifanye kazi zamu mbili kwa siku na kudumu miaka ishirini. Ndizo zilizofika bandarini kwetu na kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere, na ndizo zilizonilisha mimi na wanangu.

Waliozirudisha barabarani hawakuwa makampuni makubwa. Mwaka 1968 mwanafunzi wa Caltech huko California, Wally Rippel, aliwapa changamoto wenzake wa MIT upande wa pili wa Marekani. Kila chuo kiunde gari la umeme, na magari yaanze siku moja, moja likielekea lilikotoka jingine. Yaliondoka tarehe 26 Agosti. Caltech walikuwa na basi dogo la Volkswagen la mwaka 1958 lililojaa betri za risasi, na MIT walikuwa na Corvair yenye betri za nikeli na kadmiamu zilizogharimu fedha nyingi kuliko gari lenyewe. Vituo 54 vya kuchajia vilitandazwa njiani. Betri zilipata moto, na mota ya Caltech iliharibika Arizona wakangoja nyingine. MIT walifika kwanza lakini gari lao likiwa linavutwa, na adhabu zilipohesabiwa Caltech wakashinda kwa takriban nusu saa baada ya zaidi ya wiki moja njiani. Rippel aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote, na baadaye alifanya kazi Tesla.

Kisha kukawa na kimya cha miaka. Aprili 1991 uwanja wa magari wa Phoenix, Arizona, ulifungua milango kwa mbio za magari ya jua na umeme. Kipindi hicho hicho Marekani ilipokea kutoka Uingereza mchezo uitwao Electrathon, ambao naupenda kwa uadilifu wake. Unapewa kiasi cha betri za risasi kisichozidi takriban kilo 33, na saa moja. Atakayekwenda mbali zaidi ndani ya saa hiyo ameshinda. Mtoto wa sekondari anaunda kigari cha magurudumu matatu kwa mabomba na plastiki, kisha anajifunza kwa vitendo kwamba akikanyaga kwa pupa mwanzoni atasukuma mwishoni.

Mwaka 1997 wapenzi wa mbio fupi waliunda chama chao, NEDRA, wakayagawa magari kwa aina na kwa volti ili mwenye betri chache asishindanishwe na mwenye nyingi. Mbio zao ni za robo maili, mita 402 tu, na hapo ndipo mota ya foklifti ilipopata nafasi yake.

Mota hizo ni za mfululizo, maana yake umeme ule ule unaopita kwenye koili za nje ndio unaopita kwenye amecha. Ukiongeza ampea mara mbili, nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara nne, hadi chuma kishibe sumaku. Na nguvu hiyo ipo yote mota ikiwa bado imesimama. Injini ya petroli lazima ipandishe mizunguko kwanza. Foklifti inahitaji nguvu hiyo kuanza kutembea ikiwa na mzigo mzito, na gari la robo maili linaihitaji kung'oka kwenye mstari. Betri za risasi, ambazo hazifai safari ya Dodoma, zinaweza kutoa ampea za kutisha kwa sekunde kumi na tano. Umbali si hoja hapo. Baada ya mbio unasukuma gari hadi kivulini, unachaji, unarudi kwenye foleni.

Mwenye ile Datsun nyeupe ni John Wayland wa Portland, Oregon. Gari aliliita White Zombie. Mota zake zilisukwa na fundi wa mji wa Redmond, Oregon, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukarabati mota za foklifti, kama mimi. Na niliposoma walichozifanyia, nilielewa kila hatua bila kuelezwa.

Mota ya foklifti inakwenda mbele na nyuma, kwa hiyo kiwandani kaboni zake huwekwa katikati kabisa, zisipendelee upande wowote. Gari la mbio halishindani kinyumenyume. Basi wakalegeza kishikilia kaboni, wakakizungusha nyuzi chache kinyume cha mwelekeo wa mota, wakakaza tena. Jambo dogo hilo, la bisibisi na alama ya chaki, ndilo linaloruhusu mota iliyozaliwa kwa volti 48 au 72 ilishwe mara mbili ya hizo na zaidi bila moto kuizunguka komyuteta. Niliwahi kuuona moto huo: pete ya buluu, mlio kama wa kuchomelea vyuma, na sekunde moja baadaye shaba imeyeyuka. Kisha wakaifunga amecha kwa kamba ngumu ya nyuzi na resini ili isipasuke kwenye mizunguko mingi, dawa ya ugonjwa ule ule ulioacha shimo kwenye dari yetu. Na zile mota mbili zilianza zikiwa zimepangwa kwa mfululizo, kila moja ipate ampea zote za kung'okea. Gari likishashika kasi kontrola inazihamisha ziwe sambamba, kila moja ipate volti zote. Kontrola waliyoitumia, Zilla, ilibuniwa na mhandisi wa huko huko Oregon.

Kwa betri za risasi White Zombie ilishafika sekunde 12 na ushei. Mwaka 2007 ilipewa betri za lithiamu ikashuka hadi 11 na ushei, na mwaka 2010 ilimaliza robo maili kwa sekunde 10.258, kigari cha familia chenye viti na vioo, kinachotembea barabarani kwa namba halali. Pikipiki ya Bill Dubé, KillaCycle, ilikuwa imeshuka chini ya sekunde 8 tangu 2007, nayo ilitumia mota za kaboni. Wanaosema teknolojia ile ilikuwa imepitwa na wakati wazitazame hizo namba.

Mashindano yalikuwa ya wikiendi. Uwanja ulikodiwa, au waliingia siku ya wazi pamoja na magari ya petroli wakalipa kiingilio kama wengine. Portland ilikuwa na siku zake, na Hagerstown, Maryland, kwenye njia ya mbio ya Mason-Dixon, kulikuwa na mkutano ulioitwa Power of DC. Ijumaa usiku watu walikuwa bado chini ya magari wakikaza nati. Aliyeunguza kaboni alipewa kaboni na mpinzani wake. Jumatatu kila mtu alirudi kazini. Hawakulipwa. Wengi walitoa fedha mfukoni miaka nenda miaka rudi, huku wakiambiwa gari la umeme ni la kuchezea gofu.

Leo magari mapya ya umeme hayana komyuteta, na mengi hayana hata kaboni. Mota zao hulishwa umeme wa mawimbi, nyingi zikiwa na sumaku za kudumu, na zikiharibika hubadilishwa nzima. Ni bora, nakubali. Hata pikipiki za umeme zinazosambaa Nairobi, Kigali na hapa kwetu zimejengwa hivyo. Lakini mota ya kaboni unaweza kuifungua kwa spana tatu, ukaona kila kinachofanya kazi, ukakirekebisha. Kijana akishaielewa hiyo, nyingine zote ataziingia bila woga.

Tatizo ni kwamba zinakwisha. Maghala yanapobadilisha mitambo, foklifti za zamani huenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huipasua mota kwa nyundo, wakachukua shaba na kutupa kilichobaki. Mwaka jana nilifika kwenye yadi moja nimechelewa nusu saa. Mota nne za inchi tisa zilikuwa zimeshafumuliwa, shaba imewekwa kwenye mizani, na zote nne zilihitaji kaboni mpya tu.

Kwa hiyo wewe msomaji uliye na foklifti ya betri iliyokufa uani, bandarini, kiwandani au kwa marehemu baba yako, usiiuze kwa kilo. Nina vijana sita karakanani na fremu ya Datsun 1200 isiyo na injini. Niletee mota. Nitakulipa bei ile ile ya shaba, na nauli ya gari la kuibeba juu yangu.