Nani Alimlipa Maalim? Tarehe ya Chuo cha Muziki cha Unguja

Pale Mizingani, karibu na kasri la masultani, lipo jengo la Forodha ya zamani lililoelekea bahari. Kuta zake ni tupu, hazina pambo la kumsimamisha mpita njia. Urembo wote uko mlangoni, ambako fundi alichonga samaki, mayungiyungi na minyororo ya nanga. Humo ndimo Sayyid Hamoud bin Mohammed alimotangazwa sultani mwaka 1896. Zaidi ya miaka mia baadaye, ngazi zake zilipandwa na vijana waliobeba fidla na udi mgongoni, wakienda ghorofani kusoma katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Aliyepita barabarani jioni alisikia mpigaji mmoja akirudia kipande kilekile mara kumi, kisha kikundi kizima kikikichukua.

Chuo hiki hakikuwa cha serikali, wala cha kampuni, wala cha ukoo fulani. Walimu, hata hivyo, Unguja ilikuwa nao kabla yake. Anayetaka kuijua tarehe ya muziki wa visiwa hivi aulize swali moja tu: katika kila zama, nani alimlipa maalim?

Zama za kwanza alimlipa sultani. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda tarabu ya Misri akataka isikike barazani kwake. Wazee husimulia kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze ganuni, naye aliporudi akafundisha wengine. Ukiyatazama masimulizi hayo vizuri utaiona skuli ndani yake: mwanafunzi mmoja, safari ya ng'ambo, na mfuko wa mtu mmoja. Muziki wenyewe ulibaki ndani ya kasri, na wa nje waliusikia kupitia madirisha.

Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama chao, Ikhwani Safaa. Hawakungoja fadhila ya kasri. Walichanga, wakatafuta ala zao, wakakutana jioni kufanya mazoezi. Hapo maalim alilipwa kwa michango na kwa heshima. Mtoto alisoma kwa kukaa nyuma ya mpigaji, akitazama vidole vyake. Alianza kwa kubeba ala na kupanga viti, mpaka siku mpigaji fulani alipokosekana akaambiwa, "Kaa wewe leo." Njia hiyo ilitoa mafundi wakubwa, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Waliopita walikuwa wanaume, na hasa wale waliokuwa na baba, mjomba au jirani ndani ya chama.

Mwanamke aliyeupenya alikuwa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akitembeza vyungu. Mwanachama mmoja wa Ikhwani Safaa aliisikia sauti yake akamfundisha kuimba. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na kwa santuri hizo Kiswahili kikaimbwa kwenye gramafoni za pwani nzima. Hapa mlipaji akawa soko. Siti alionyesha kuwa mwanamke masikini kutoka shamba akipata maalim anaweza kuwapita waliozaliwa karibu na kasri. Alifariki mwaka 1950, na nafasi aliyoipata yeye kwa bahati haikuwekwa wazi kwa wengine wa hali yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mfuko ukahamia serikalini. Kikundi kilichoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana kikaja kuwa chini ya wizara ya utamaduni, na ndiko lilikotoka jina la Culture Musical Club. Tarabu ikatoka kwenye majumba ya mabwana ikaingia kwenye sherehe za taifa na redioni. Serikali iliwatunza wapigaji, lakini haikujenga skuli ya muziki. Mafunzo yakaendelea kuwa yale ya kukaa nyuma ya mpigaji.

Miaka ya 1990 kikaja kinanda cha umeme. Mtu mmoja aliweza kubonyeza sauti ya fidla nane na ya nai pamoja. Vikundi vipya vikashika harusi na kumbi, na watu wakacheza mpaka alfajiri. Siwalaumu, mwenye harusi hulipa kile wageni wake wanachotaka. Lakini hesabu ikawa mbaya kwa ala za mkono. Mpigaji wa ganuni akizeeka, nyuma yake hakukuwa na kijana aliyekaa.

Kwenye pengo hilo ndipo kilipoingia chuo. Kilianzishwa mwaka 2001 na kufungua madarasa mwaka 2002, kikiwa jumuiya isiyo ya kiserikali. Hildegard Kiel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na Mohamed Issa Matona, mpigaji fidla na udi, mtoto wa mwanatarabu mashuhuri Issa Matona, akawa mkurugenzi wa sanaa. Jina la jahazi lilifaa, kwa maana udi umetoka Uarabuni, fidla Ulaya na taishokoto Japani, zote zikaingia kwa bahari kama mchele na vitambaa. Chuo kikafundisha tarabu, kidumbaki na ngoma, bila kuacha piano na gitaa. Wazee waliojifunza kwa sikio wakaingia darasani kufundisha, pembeni yao kukiwa na ubao wenye noti.

Tuitazame ganuni kwa karibu, maana ndiyo kipimo cha subira. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Mwanafunzi huanza kwa ufunguo mdogo, akikaza na kulegeza uzi mmoja mmoja hadi zile tatu zisikike kama moja. Akimaliza upande mmoja, unyevu wa bahari umekwishalegeza mwingine. Kisha anavaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, anapachika vijirishi, anapiga. Pembeni viko vipini vidogo vya chuma ambavyo kidole cha kushoto huvinyanyua na kuvishusha ili kupata robo ya sauti. Robo hiyo ndiyo inayotenganisha maqam, yaani ngazi ya sauti, ya bayati na ile inayopakana nayo, na kinanda cha kawaida cha umeme hakina kitufe chake.

Darasa jingine, la kidumbaki, lilihitaji ala zisizo na bei kubwa. Humo besi ni sanduku la chai lililogeuzwa, lenye fimbo iliyosimamishwa na uzi mmoja uliovutwa. Mpigaji hukaza uzi kwa kuivuta fimbo. Huo ndio muziki wa harusi za Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, ambao mabwana wa tarabu waliudharau zamani. Chuoni vyote viwili vilikaa chumba kimoja, na hilo peke yake ni jambo la kuandikwa.

Kubwa zaidi, wasichana waliingia mlangoni bila ya kuuliza mjomba. Siti Amina alisoma udi hapo, akarudi kufundisha, akaanzisha na wenzake Siti and the Band. Msichana anayepiga ganuni au udi mbele ya watu si kioja tena mjini. Ukienda Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, au ukikaa hotelini usiku wa tarabu, wengi wa wapigaji vijana wa Unguja utakaowaona wamepita kwenye ngazi zile za Mizingani.

Na mlipaji? Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wafadhili wa nje. Walipopungua, chuo kikatikisika, na mwaka 2019 kilitangaza hadharani kuwa kinaweza kufungwa. Ada ilikuwa takriban dola 13 kwa mwezi, na wanafunzi wengi hawakuimudu. Mwaka uliofuata korona ikaondoa watalii, nao ndio waliokuwa wakinunua tiketi za maonyesho ya jioni. Mtegemea cha nduguye hufa masikini. Sembuse anayetegemea cha mgeni.

Sultani aliondoka, soko la santuri likafa, wizara ikapunguza mkono, mfadhili akabadili mipango yake. Katika orodha nzima, walioweza kudumu kuliko wote ni wale vijana wa 1905 waliochanga wenyewe: Ikhwani Safaa imevuka miaka mia moja na bado inapiga. Basi wewe uliyenacho, ukiwa na harusi mwite mpiga udi mmoja pamoja na kinanda chako, umlipe kama unavyomlipa mpishi. Ukimwona mtoto wa jirani anagonga bati kwa mahadhi, ulizia ada ya mwezi. Maalim yupo. Anangoja kulipwa na mwenye nyumba.