Presha Hupanda Unapofanya Mazoezi: Lini ni Kawaida, Lini ni Hatari?

Unguja ni kisiwa cha watu wa mazoezi. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi ya viungo hukusanyika kwa tamasha, na asubuhi utawakuta watu wakitembea na kukimbia pembezoni mwa bahari. Hata hivyo, akina mama wengi wenye presha huogopa: "Nikifanya mazoezi, si itapanda zaidi?"

Jibu fupi: ndiyo, hupanda kwa muda, na hiyo ni kawaida. Mazoezi ya mara kwa mara hatimaye huishusha.

Nini hutokea mwilini?

Ukitembea haraka au ukipanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, misuli huhitaji damu zaidi. Moyo husukuma kwa nguvu, na namba ya juu ya presha hupanda. Namba ya chini hubaki ilipo au hushuka kidogo. Ukipumzika, presha hurudi chini.

Mishipa inayotoa damu kwenye moyo huvutika kama mpira mpya wa kumwagilia maji. Moyo ukipiga, mshipa hutanuka na kupunguza kishindo. Mpira ukikaa juani miaka mingi hukakamaa. Mishipa nayo ni hivyo hivyo: ikikakamaa haitanuki vizuri, kwa hiyo kila pigo la moyo huipandisha presha zaidi. Moyo huchoka, na ubongo na figo hupata kishindo kikubwa.

Kwa mwanamke, namba ya juu ikipita 190 wakati wa mazoezi, au 210 kwa mwanamume, wataalamu wengi huiona kuwa imezidi. Mtu huyo anaweza kuwa na presha nzuri akiwa amekaa, lakini yuko karibu zaidi na ugonjwa wa presha baadaye.

Nani yuko hatarini zaidi?

- Wenye umri mkubwa, hasa wanawake baada ya hedhi kukoma
- Wenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo
- Wavutaji wa sigara
- Wanaokula chumvi nyingi
- Waliowahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba. Hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua, pima angalau mara moja kwa mwaka.

Ufanye nini?

*Pima kwa utulivu.* Usipime ukiwa umetoka tu juani au umepanda ngazi. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini. Usinywe kahawa nusu saa kabla. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, muone daktari.

*Anza polepole.* Lengo ni dakika 30 za kutembea, siku 5 kwa wiki. Uweze kuzungumza, ila usiweze kuimba. Usisimame ghafla, punguza mwendo kwanza.

*Usizuie pumzi* unaponyanyua ndoo ya maji au mtoto. Kuzuia pumzi huipandisha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua.

*Punguza chumvi.* Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vitu vya kukaangwa. Papa mkavu na samaki wa chumvi waroweke, umwage maji, kisha usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Ndimu, tangawizi na bizari hutosha kuleta ladha.

*Usiache dawa* kwa sababu umeanza mazoezi. Daktari ndiye atakayepunguza.

Usianze mazoezi kwanza

Ikiwa presha ukiwa umepumzika ni 180/110 au zaidi, nenda kituo cha afya. Mjamzito mwenye presha azungumze na mkunga kabla ya kuanza.

Nenda hospitali mara moja ikiwa:

- Kifua kinauma au kinabana
- Pumzi hairudi hata baada ya kupumzika
- Unapata kizunguzungu kikali au kuzimia
- Mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa
- Mjamzito ana kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu, uso uliovimba au maumivu juu ya tumbo

Usimsubirishe mgonjwa nyumbani ukitazama kama atapata nafuu. Kwa Mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Ukiwa shamba, anza na kituo cha afya kilicho jirani.

Kumbuka: presha haiumi. Bibi anaweza kuonekana mzima huku mishipa yake imekakamaa. Mpeleke akapimwe, na nawe upimwe siku hiyo hiyo.