Makasha ya Walkerville: Jinsi Ford Model T Ilivyosambaa Duniani

Ukiikuta Ford Model T iliyosalia Nairobi, Adelaide au Durban na ukataka kujua ilikotoka, anzia kwenye injini. Upande wa kushoto wa bloku kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba hiyo ikitanguliwa na herufi C, injini hiyo haikutoka Detroit. Ilitoka Walkerville, mji mdogo wa Kanada uliotazamana na Detroit, mto tu ukiwa kati yao. Kuanzia Mei 1913 kiwanda cha huko kilikuwa na mfululizo wake wa namba, na kwa anayefuatilia magari haya nje ya Marekani, herufi hiyo moja humwokolea kazi nyingi.

Tumezoea kuisimulia Model T kama hadithi ya Detroit. Henry Ford aliizindua Oktoba 1908. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, alianza kuisukuma chasisi kutoka kwa fundi hadi fundi badala ya mafundi kuifuata, na kazi iliyochukua zaidi ya saa 12 ikashuka hadi saa moja na nusu hivi. Bei nayo ilishuka, kutoka dola 850 mwanzoni hadi dola 260 kwa toleo la bei nafuu kabisa mwaka 1925. Uzalishaji uliposimamishwa Mei 1927, magari milioni 15 yalikuwa yametoka. Hayo yanajulikana. Lakini ukiyafuata magari yenyewe yalikokwenda, unagundua kwamba yaliongozwa zaidi na ushuru wa forodha na gharama ya nafasi melini kuliko sifa za Ford.

Habari ya Walkerville inaanzia mwaka 1904, miaka minne kabla ya Model T kuwapo. Gordon McGregor alikuwa akisimamia kiwanda cha mikokoteni kilichokuwa na hali mbaya. Kanada ilitoza ushuru wa asilimia 35 kwa magari ya kigeni, naye akaona kwamba sehemu zikivushwa mto na kuunganishwa upande wa pili, gari lingehesabiwa kuwa la nyumbani. Akaafikiana na Ford. Mwaka wa kwanza waliunganisha magari 117 tu. Utajiri ulikuwa ndani ya mkataba: kampuni ya Kanada ilipewa haki ya kuuza Ford katika himaya yote ya Uingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe na Ireland. India, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na makoloni ya Afrika Mashariki, yote yakawa soko la mji ambao wateja wengi hawakuwahi kuusikia. Magari ya masoko hayo yalitoka na usukani upande wa kulia.

Makoloni mengi yalipunguza ushuru kwa bidhaa za himaya, na hapo Kanada ikafaidi. Afrika Mashariki ilikuwa tofauti. Eneo letu lilikuwa ndani ya mipaka ya mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1885, ambayo ilidai wafanyabiashara wa mataifa yaliyotia saini watozwe ushuru sawa. Kwa hiyo Ford ya Kanada haikupata nafuu yoyote forodhani Mombasa. Ilikuja hata hivyo, kwa sababu mgawanyo wa masoko ulikuwa umeshafanywa ofisini, mbali na bandari ya Kilindini. Na Kilindini yenyewe ilikuwa bado haina gati la kina kirefu. Mpaka 1926 makasha yalishushwa kwenye matishari kabla ya kufika nchi kavu.

Makasha, ndiyo. Gari zima hula nafasi kubwa melini, na meli hutoza nafasi. Ford walijifunza mapema kuvunja gari vipande vipande, chasisi huku, magurudumu kule, na kulipakia kwa namna ambayo shehena moja ilibeba magari mengi zaidi. Ughaibuni kilichohitajika ni paa, mafundi na vifaa vya kuunganishia. Ndiyo maana karakana nyingi za Ford zilianza katika majengo ya kuazima. Kiwanda cha kwanza nje ya Amerika Kaskazini, Trafford Park mjini Manchester, kilifunguliwa 1911 katika jengo lililokuwa la kutengenezea tramu. Port Elizabeth, Afrika Kusini, walianza 1924 katika ghala la sufu lililoachwa. Geelong, Australia, gari la kwanza lilitoka Julai 1925, nalo pia katika ghala la sufu. Berlin, 1926, ilikuwa ghala la nafaka bandarini. Sidhani kama hii ilikuwa bahati tu: ghala la bandarini lina sakafu imara, na meli inafunga gati mlangoni.

Nchi nyingine zililibadili gari lenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Australia ilizuia bodi kamili kuingia kwa wingi ili kuokoa nafasi melini, na waundaji wa bodi wa huko wakapata kazi. Duncan & Fraser wa Adelaide walivisha chasisi za Kanada bodi zao wenyewe. Mtafiti anayetegemea picha za katalogi za Detroit hupotea njia hapo.

Vita hiyo hiyo ililipeleka gari mahali ambapo hakuna wakala angelipeleka. Vikosi vya Uingereza vya doria vililiendesha katika jangwa la magharibi mwa Misri. Katika kampeni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ndorobo waliua farasi na ng'ombe wa kukokota kwa maelfu, na Ford nyepesi ilionyesha faida yake: sakafu yake ilikaa juu sana kutoka ardhini, na ikinasa kwenye tope watu wachache waliweza kuinyanyua. Lakini tusiipambe. Mzigo mkubwa wa vita ile ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa.

Baada ya vita, Model T ilienda kasi. São Paulo, Copenhagen, Cádiz, Antwerp, kila mahali kukawa na tawi. Tokyo ilikuwa kisa cha pekee. Tetemeko la Septemba 1923 liliharibu njia za tramu, na jiji likaagiza chasisi za Model T. Takriban 800 zilifika, zikavalishwa bodi za basi na kuanza kubeba abiria Januari 1924. Mwaka uliofuata Ford wakafungua karakana Yokohama.

Uingereza ilikwenda kinyume. Kuanzia 1921 kodi ya barabara ilikuwa pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, ikihesabiwa kwa kanuni iliyotazama upana wa silinda. Silinda za Model T zilikuwa pana, hivyo mwenye gari akalipa pauni 23 kwa mwaka. Gari rahisi kununua likawa ghali kumiliki, na Morris, mtengenezaji wa magari wa Uingereza, akachukua wateja.

Bombay na Singapore zilipata matawi yao 1926, mwaka mmoja tu kabla ya Model T kusimamishwa. Lakini kusimamisha gari si kusimamisha mahitaji ya spea. Magari yalikuwa yametapakaa mashambani na maporini kote, na Ford iliendelea kutengeneza injini za kubadilishia hadi Agosti 1941. Kwa hiyo ukishasoma ile namba kwenye bloku, chunguza pia bodi, ekseli na upande wa usukani, kwa maana gari la 1915 linaweza kuwa limebeba injini iliyoundwa miaka 20 baadaye.