Gesi Chumbani, Mkaa Uani

Neno "meko" limetembea. Kwa bibi zetu wa Pwani lilikuwa mahali penye mafiga matatu, kuni na jivu. Leo ukimtuma kijana wa Changamwe meko, atakuletea mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa cha kupikia juu yake. Unaweza kudhani kuni zilitoka na gesi ikaingia, basi. Lakini pita kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iwe Kisauni au Likoni, uone. Gesi iko chumbani karibu na kitanda, maana mtungi ukilala nje hutaukuta asubuhi. Jiko la mkaa liko uani. Moto mpya uliongezwa tu, haukumfukuza mwenzake.

Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe 1963, mwaka wa uhuru. Mafuta ghafi yaliingia kwa meli, yakatoka petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi ya kupikia. Kwa miaka hamsini gesi ilitengenezwa mwendo wa miguu tu kutoka nyumba ambazo watu walikuwa wakipepea mkaa. Ujinga? Hapana. Mtungi ulitaka pesa ya mkupuo, na kibarua wa bandarini alilipwa kwa siku. Mkaa aliununua kwa mkebe, mafuta ya taa kwa chupa, kadiri siku ilivyokwenda. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta 2013. Siku hizi gesi yenyewe huja na meli.

Hata ubunifu ulikwenda kwa moto wa zamani. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi kuhusu nishati mbadala, na miaka michache baadaye likaenea jiko la bati lenye tumbo la udongo, wazo lake likiwa limechukuliwa Thailand. Lilikula mkaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Mkaa haukuisha, ulipata tu nyumba bora.

Halafu kuna wali. Wali wa nazi ukikauka maji hupaliwa: makaa hupandishwa juu ya kifuniko, machache yakabaki chini, ukaiva kwa joto la pande mbili. Gesi itapandaje juu ya sufuria? Mama yangu hajawahi kunijibu swali hili, anacheka tu.

Bei nazo zilizidi kuvifanya vyote viwili vihitajike. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mkaa ukapaa. Mwaka huo huo mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, eti watu wasiyachanganye na dizeli. Haya, tukaambiwa gesi ndiyo mwenendo. Julai 2021 gesi ikatozwa VAT ya asilimia 16. Kwetu maharagwe yakarudi uani, gesi ikabaki ya chai na uji. VAT ilipunguzwa 2022, ikaondolewa 2023. Maharagwe bado yako uani.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi Ulaya, watu ambao nyumba zao hupashwa joto kwa mabomba ya maji moto waliongeza jiko la kuni sebuleni. Sikusikia mtu akisema wamerudi nyuma.

Sitetei moshi. Anayeuvuta sana sana ni mwanamke, na masika yakianza jiko huingizwa ndani, mlango ukafungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu hufa usingizini. Ndiyo maana nakasirika tunapohesabiwa vibaya: ukiamini nyumba yenye gesi haina mkaa, hutauliza jiko liko wapi mvua ikinyesha.

Sensa ya 2019 iliuliza kila nyumba hupikia nini hasa. Mama alijibu gesi. Maharagwe yalikuwa uani, yanachemka.