Mwandishi, kabla hujasaini soma hapa

Wadau mnaoandika, mchapishaji akikuahidi asilimia 10 muulize: ya bei ya dukani, au ya pesa anayopokea yeye? Kitabu cha shilingi 10,000, akiliuzia duka kwa punguzo la asilimia 40, ya kwanza ni 1,000, ya pili 600 tu. Ndo hapo wengi wanapolizwa.

Kuuza mswada jumla ni balaa jingine. Sheria ya Tanzania ya 1999 iliipa hakimiliki maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani hata wajukuu wangekula! Haki ni yako tangu unaandika. Kusajili COSOTA ni kujiwekea ushahidi. Nakala za mtandaoni na za kusikiliza zipewe vipengele vyake. Na kitabu kikiisha madukani kisichapwe tena, haki zinarudi kwako lini? Iandikwe.