Bandari Ikihama, Mtaa Unabaki kwa Nani?

Baada ya futari, kabla hujatoka kwenda tarawehe, hebu kaa nami kidogo nikupe habari ya jirani zetu wa Zanzibar, maanake lililowapata wale linatuhusu sisi wa Diani na Ukunda kuliko tunavyodhani.

Ukifika Zanzibar usiku wowote lazima mtu akuambie twende Forodhani. Utakuta bustani safi, taa, urojo, mishikaki, maji ya miwa, na jioni vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani huku wageni wakipiga picha. Watu hula, wakafuta mikono, wakaondoka. Wachache hujiuliza jina lile limetoka wapi. Forodha ni mahali pa kutozwa ushuru. Pale penye mishikaki ndipo ilipokuwa bandari.

Karne ya 19, enzi za Seyyid Said na wanawe, majahazi yalitia nanga mbele ya Ngome Kongwe. Zilipita pale karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na, tusifichane, wanadamu waliouzwa, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Ushuru wenyewe ulikuwa ukikodishwa kwa mfanyabiashara, anampa Sultani fedha yake kwa mwaka kisha chochote atakachokusanya ni chake. Aliyejulikana zaidi ni Jairam Shivji, na baadaye Tharia Topan, wote watu wa asili ya Kutch, India. Mwaka 1883 Seyyid Barghash akasimamisha hapo Beit al-Ajaib. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga ile pwani kwa muda usiofika hata saa moja, majumba ya jirani yakavunjika, Ajaib likabaki limesimama.

Halafu bandari ikahama. Katika miaka ya 1920 Waingereza walijenga gati jipya Malindi, kaskazini kidogo ya pale, meli na makuli wakaenda huko. Forodhani ikabaki kiwanja, na mwaka 1936 ikafanywa bustani ya kusherehekea miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Kwa hivyo ukisikia London waligeuza gati zao za mto Thames kuwa mtaa wa mabenki, Canary Wharf, kuanzia miaka ya 1980, usidhani ni uvumbuzi wa Wazungu. Tofauti ni kwamba kule watoto wa makuli waliona ghorofa zikipanda na kodi zikipanda pamoja nazo, ilhali Zanzibar kodi ilikaa chini kwa muda mrefu. Nayo ikaleta balaa lake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi walikimbia, wengine Oman na Dubai, wengine hapa hapa Mombasa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa, wakaingizwa watu wa mashamba na wa Pemba. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa na familia kadhaa, kila moja na chumba chake na jiko lake. Kodi ilikuwa ndogo mno. Sasa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina tabia moja: zinataka kuangaliwa kila mwaka. Mvua ikipata ufa, boriti inaoza, dari inashuka, siku moja ukuta wote uko barabarani. Walipohesabu mwaka 1992 walikuta majumba zaidi ya 1,700, na sehemu kubwa yakiwa katika hali mbaya.

Ndipo yakaja matengenezo. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa 1985, biashara ilipoanza kufunguliwa. Mwaka 1997 jengo la zamani la simu, Shangani, likawa hoteli ya Serena. Mwaka 2000 UNESCO wakautia mji katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 Forodhani ikafunguliwa upya baada ya kutengenezwa na taasisi ya Aga Khan, na miaka iliyofuata ukuta wa bahari wa Mizingani nao ukajengwa tena. Mwaka 2015 jengo la Mambo Msiige likafunguka kama hoteli kubwa ya Park Hyatt, tena baada ya UNESCO kulalamikia ujenzi wake. (Jina lenyewe lilikuwa linaonya!)

Mimi sisemi matengenezo ni mabaya. Aliyeiona Forodhani kabla ya 2009, na vumbi lake na ukuta uliobomoka, hawezi kusema hivyo. Lakini jiulize, anayeishi pale kichochoroni amepata nini? Hakuna tingatinga lililokuja kumvunjia. Bei ndiyo iliyokuja. Nyumba ya jirani imekuwa ya wageni, duka la mchele limekuwa duka la vinyago, na siku mtu anakuja na pesa ambazo babako hajawahi kuziona, familia inauza inahamia Ng'ambo au mbali zaidi. Wameuza kwa hiari yao. Hapo ndipo penye uchungu, huna wa kumlaumu.

Sasa nani amebaki? Miongoni mwao ni walio katika nyumba za wakfu. Unajua wakfu, si jambo geni: Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alishauriwa na Mtume (S.A.W.) azuie asili yake na kutoa mazao yake, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Waarabu, Wahindi na Waswahili wa Unguja waliweka wakfu majumba kwa wingi sana, kwa misikiti, kwa maskini na kwa jamaa zao, hadi Waingereza wakaunda Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905 kuyasimamia. Nyumba kama hiyo, tajiri wa hoteli aje na gunia, haiuziki.

Tuje kwetu. Pwani ya Diani tumeuza. Ardhi iliyokuwa ya fuko, mtu mmoja hawezi kuiuza peke yake, ilipopata hati ya jina la mtu mmoja ikawa inauzika kwa sahihi moja. Hoteli zikaja, Ukunda ikakua nyuma yake kama mji wa wafanyakazi, na leo njia za kwenda baharini zinahesabika. Lakini nenda mpaka mto Mwachema unapoingia baharini. Msikiti wa Kongo upo, wa mawe, mkongwe kuliko hoteli zote, na watu wanaswali. Msikiti kwa sharia yetu ni wakfu. Kipande kile cha ufuo hakuna baba aliyeweza kukiuza.

Ila usikimbilie kuandika wakfu leo leo. Zile nyumba za wakfu za Unguja nyingi zimechakaa vibaya, na nyingine zimeanguka. Mafakihi walisema mapato ya wakfu yaanze kulitengeneza jengo lenyewe ndipo wagawiwe wanaostahiki, lakini kodi ya shilingi chache haitengenezi hata ngazi. Na mali ya serikali nayo si salama: Beit al-Ajaib, lililopona mizinga ya 1896, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa linatengenezwa, wakafa watu wawili.

Kwa hivyo kama mzee wako bado ana ploti, iwe Mwaroni au Mvindeni au popote, muulize mambo mawili: hati ina jina la nani, na chumba kimoja cha kupangisha kitaachwa kwa ajili ya mabati na chokaa? La pili watu husahau kabisa. Sheria ya wakfu Kenya iko, na ofisi ya Tume iko Mombasa. Siku hizi hata feri si lazima, barabara ya Dongo Kundu ilikamilika 2024.